Swichi ya Kumi na Mbili na Ishirini na Nne

Karungu, Ijumaa, saa kumi jioni

Boke mwanangu,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu nilianza kukuambia habari za blanketi na kufunga mlango vizuri, na nilipozisoma nikaona ni mambo ambayo mama yako amekwambia tangu Jumapili, tena kwa maneno bora kuliko yangu. Nimekasirika. Sijakukasirikia wewe. Kesho asubuhi unaenda Mombasa kusomea ufundi wa umeme, na mimi baba yako, niliyechaji betri za watu katika kibanda hiki tangu hujazaliwa, nimeshindwa wiki tatu nzima kufungua mdomo kuhusu jambo moja la umeme ambalo wewe unalijua tayari.

Mmeenda Kehancha kumuaga bibi yako, kwa hiyo nina saa chache. Nikimaliza nitaitia barua kwenye begi lako mwenyewe. Nikisema nikupe mkononi nitaanza tena blanketi.

Ni habari ya ile mota ya Mwalimu Ouma.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo mengine unayakumbuka na mengine hukuyaona. Mwalimu alipostaafu kufundisha kule kwao Asumbi alikuja kupanga nyumba hapa Karungu, karibu na ziwa, akanunua boti ndogo ya faiba. Hakuwa mvuvi wa riziki. Alitaka kuvua mbuta mmoja mmoja kwa ndoano, na siku za likizo ampakie mjukuu wake Atieno, mtoto wa binti yake aliye Homa Bay. Atieno alikuwa na miaka tisa. Pamoja na boti alipata mota ndogo ya umeme, ile ya kusukuma boti polepole bila kelele wakati mtu anavua. Alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na hata wakati huo ilikuwa tayari kuukuu. Hapakuwa na kitabu cha maelezo. Kichwani ilikuwa na swichi ya kuzungusha, na maandishi kando ya swichi yalikuwa yameliwa na jua, yakabaki 12 upande mmoja na 24 upande wa pili. Chini zilitoka nyaya nne, mbili nyekundu na mbili nyeusi.

Mtu yeyote mwenye akili angeuliza kwanza kwa nini nyaya ni nne. Ningeuliza hilo tu, leo singekuwa naandika barua hii.

Aliniletea mimi kwa sababu mimi ndiye fundi wa betri wa hapa. Nilikuwa nachaji betri za taa za wavuvi wa omena, zote za volti kumi na mbili, kazi ninayoweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Mota kama ile sikuwa nimewahi kuiona. Nilipaswa kumwambia hivyo. Badala yake niliigeuza huku na huku, nikapuliza vumbi, nikasema, "Hii ni kazi ndogo, Mwalimu. Niletee betri mbili."

Unajua niliacha shule darasa la saba. Jina la fundi nililipata kwa shida, nikalipenda kupita kiasi. Mwalimu mzima, mtu aliyewafundisha mabwana wenye magari, kusimama mlangoni kwangu na kuniita fundi, nilijiona nimefika. Nilihisi nikisema sijui atalichukua jina hilo na kuondoka nalo.

Na usidhani sikuwa na mtu wa kumuuliza. Wiki hiyohiyo nilikwenda Homa Bay kununua maji ya betri kwa Bwana Salim, yule mzee Mwislamu kutoka Lamu aliyekuwa na duka karibu na soko. Nilimtajia hiyo mota kwa mbali, kana kwamba ni hadithi ya mtu mwingine. Aliacha kuhesabu chupa, akaniambia mota za zamani za namna hiyo nisiziunganishe na chochote kabla ya kuzifungua na kuona swichi inafanya nini ndani, kwa sababu nyingine huunganisha betri zenyewe. Akaniambia niilete tuitazame pamoja. Nikamshukuru, nikapanda gari, na sikuipeleka. Mwaka uliotangulia alikuwa amenisahihisha mbele ya wateja kuhusu chaji, kwa upole kabisa, na mimi nilikuwa bado naumwa na upole ule.

Basi nikafanya kama nilivyoona kwenye malori. Nilikata kipande cha waya mnene, nikafunga hasi ya betri ya kwanza na chanya ya betri ya pili, ili betri zifuatane na volti zijumlike ziwe ishirini na nne. Kisha nikafunga zile nyaya nne, nyekundu na nyeusi kwa kila betri. Swichi nikaiweka 24. Mota ikanguruma vizuri, propela ikakata maji, Mwalimu akacheka kama kijana.

Wewe sasa unajua kwa nini ilifanya kazi. Swichi ikiwa 24, yenyewe ndani yake inaunganisha hasi ya moja na chanya ya nyingine, kilekile nilichofanya mimi nje. Waya wangu ulikuwa wa ziada tu. Haukuwa na kazi wala madhara, maadamu hakuna aliyegusa swichi.

Siku aliyokuja kuichukua Mwalimu aliuliza, "Fundi, na hii 12 ni ya nini?"

Nikamjibu bila hata kusita: "Ni ya mwendo wa polepole. Ukiona betri zinachoka, rudisha hapo, utafika nyumbani."

Jibu hilo limeninyima raha miaka sita, kwa sababu lilikuwa sahihi. Ndivyo ilivyo. Ukipambana na upepo unaweka 24 upate nguvu, ukitaka kutambaa muda mrefu unaweka 12 na betri zinakaa bega kwa bega, kila moja ikichangia muda. Lilikuwa jibu sahihi kwa mota isiyokuwa na waya wangu. Mimi nililikisia, likatokea kuwa kweli, na ndiyo maana Mwalimu aliliamini.

Aliitumia wiki tatu kwenye 24. Kisha ikafika likizo, Atieno akaja, na alasiri moja walikuwa wanarudi kutoka upande wa Muhuru Bay, upepo umeanza, mota imelegea. Mwalimu akakumbuka maneno yangu. Akageuza swichi.

Swichi ikifika 12, ndani yake inaunganisha chanya na chanya, hasi na hasi. Na waya wangu nje bado ulikuwa umefunga hasi na chanya. Betri zikakutana zenyewe kwa zenyewe bila kitu katikati. Wewe ulichora hilo kwenye karatasi kwa mistari sita. Mwalimu alilipata kwa moshi chini ya kiti. Waya uliwaka mwekundu, mpira wake ukaanza kuyeyuka na kushika moto kwenye faiba, na betri moja ikapasuka upande. Alichofanya ni kuunyofoa ule waya kwa mkono wake wa kulia. Atieno alipoona moto akaruka majini. Alikuwa na jaketi la kuokolea, lakini mawimbi yalikuwa yanampiga usoni, na babu yake akaruka nyuma yake na mkono uliokwisha kuungua. Wavuvi wa omena waliokuwa wakipita ndio waliowatoa. Mtoto alilazwa siku mbili kwa maji aliyomeza. Mwalimu vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo.

Yaliyofuata uliyaona. Boti ilivutwa hadi ufukweni jioni ile, watu wamejaa, nikaingia ndani kuangalia. Waya wangu ulikuwa umelala sakafuni, umeyeyuka katikati. Nikauokota, nikautia mfukoni. Niliinua uso nikakukuta umesimama kando ya boti unanitazama.

Ulisema, "Baba, si huo ni ule uliokata nyumbani?"

Nikakuambia nyamaza, wewe mtoto unajua nini. Nilikuambia mbele ya watu, kwa sauti.

Usiku haukupita kabla sijamaliza kutunga maelezo. Nilipokwenda kumwona Mwalimu hospitalini nilimwambia mota za zamani ndivyo zilivyo, pengine swichi aliigeuza ghafla mno, pengine maji yaliingia. Nilisema pengine nyingi. Naye, Boke, akiwa amefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, akaniomba msamaha mimi. Alisema nisamehe fundi, nimeharibu kazi yako, nimekaribia kuua mtoto wa watu kwa haraka zangu. Nikamwambia asijali. Nilisema hivyo, nikaondoka, nikanunua maandazi ya kuwaletea nyumbani. Ulikataa kula lako.

Aliuza boti na kurudi Asumbi. Mota aliniachia, akasema nitoe vipuri. Sikutoa hata skrubu moja. Niliisukuma chini ya meza nikaifunika gunia. Tangu hapo sikugusa kazi yoyote ya volti ishirini na nne. Wenye malori walipokuja na betri zao pacha niliwaelekeza Migori mjini, nikisema kibanda ni kidogo. Kibanda si kidogo. Unajua hivyo, ulikuwa unakifagia.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba uliacha kuniuliza. Kabla ya siku ile hukuwa unafunga mdomo. Baba kwa nini taa hii hafifu, Baba kwa nini betri inapata joto, Baba maji haya yanachoma kwa nini. Nilikuwa nakufukuza ukacheze. Baada ya siku ile hukuniuliza swali la umeme hata moja. Ulianza kuuliza vitabu, na mwalimu wako wa fizikia, na simu ya mama yako. Niliona yote, nikajiambia umekua. Matokeo yako yalipotoka watu walinipongeza kwamba umefuata nyayo zangu, nami nikatabasamu kama mjinga, maana nilijua ulijifunza kwa kunizunguka.

Halafu wiki tatu zilizopita naingia kibandani nakukuta umekaa chini, gunia liko kando, mota imefunguliwa, testa mkononi. Hukushtuka. Ulinipa ile karatasi uliyochora na kunieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mteja, kwamba swichi ndiyo iliyokuwa ikiunganisha betri na haikuhitaji waya mwingine nje.

Nikakuambia uache kuchokora vitu visivyo vyako.

Ukasema, "Niliuona ule waya, Baba. Tangu siku ile. Nilitaka tu nijue kama ulikuwa hujui au ulikuwa unajua."

Niligombana nawe kuhusu skrubu. Nilisema umepoteza skrubu mbili, na zilikuwa kwenye kifuniko cha chupa mbele yangu, umezipanga. Siku nne hukusema nami isipokuwa chai iko tayari.

Sasa nakujibu. Nilikuwa sijui. Lakini nilijua kwamba sijui, na hilo ndilo baya. Kutojua kwenyewe kungemalizwa na safari moja ya Homa Bay na nusu saa mezani kwa Bwana Salim. Huko uendako watu watakuita fundi kabla hujawa fundi, na jina hilo ni tamu sana, Boke. Sikwambii ulikatae. Nakwambia tu lilivyonifanya mimi.

Jumatano niliwaambia naenda Migori kuchukua mizigo. Sikwenda Migori. Nilikwenda Asumbi.

Mwalimu nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia mboga kwa mkono wa kushoto. Amezeeka. Alifurahi kuniona, na furaha yake nusura inirudishe barabarani. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za mvua. Nilimweleza waya, swichi, Bwana Salim, mfuko wangu, hospitali. Nilimwonyesha karatasi yako. Aliitazama muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa sayansi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Aliponikunjia karatasi alisema, "Miaka sita, fundi. Na njia ya hapa ulikuwa unaijua."

Nikasema ndiyo.

Hakunikaribisha chai, na ilikuwa haki yake. Aliniambia vidole si kitu, amekwisha kuvizoea. Kilichomwondoa ziwani ni kwamba tangu siku ile binti yake hakumwachia tena mtoto. Huja naye Krismasi, wanakaa mchana, kisha anaondoka naye. Hajawahi kumlaumu kwa mdomo. Anasema tu mtoto ana masomo. Naye Mwalimu hakuwahi kumbishia, kwa sababu alikuwa anakubaliana naye. Miaka sita mzee yule ameamini kwamba yeye si mtu wa kuachiwa mtoto, na mimi nikamwacha aamini.

Akasema, "Mimi umeniambia. Sasa nenda kamwambie yeye." Akarudi kwenye mboga zake.

Nilikasirika njia nzima, na ni aibu kukuandikia hili lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sikupata. Nilijiona nimetua mzigo wangu juu ya kichwa chake kisha akanituma niubebe tena. Alhamisi nilikaa kibandani bila kufanya kitu, nikimkaripia kila aliyeleta betri. Mama yako aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote, na yeye alichosema ni kwamba alidhani ameolewa na mwanamume mwingine. Kisha akanipigia pasi shati.

Kwa hiyo leo asubuhi, mlipokuwa mnajiandaa kwenda Kehancha, mimi nilipanda gari la kwanza la Homa Bay. Binti wa Mwalimu, Mama Atieno, ni mshonaji, ana cherehani yake kwenye baraza ya nyumba. Nilimweleza kama nilivyomweleza baba yake. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani mpaka nilipofika kwenye mfuko wangu. Hapo ukasimama.

Aliniuliza kama nimemwambia baba yake. Nikasema ndiyo, ndiye aliyenituma. Aliniambia nikae. Hakuniambia kwa ukarimu. Aliingia ndani akatoka na Atieno, ambaye yuko nyumbani kwa likizo, msichana mrefu sasa, miaka kumi na mitano. Mama yake akamwambia, "Msikilize huyu." Kisha akaniambia mimi nianze tena mwanzo.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwa watu wazima nilikuwa na maneno ya volti na nyaya ya kujificha nyuma yake. Kwake nilisema tu: mimi niliweka waya usiofaa, na babu yako aligeuza swichi kwa sababu mimi nilimwambia aigeuze.

Akauliza, "Kwa hiyo Babu hakukosea?"

"Hakukosea," nikasema. "Hakukosea popote. Na aliutoa ule waya kwa mkono ili moto usikufikie."

Hakulia wala hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Aliingia ndani, nikabaki na mama yake, yeye akiokota nyuzi kwenye gauni la mtu. Aliporudi alikuwa amevaa viatu na ameshika begi dogo. Mama yake akamwambia wataenda kesho, ana nguo za watu za kumaliza.

Atieno akasema, "Mimi naenda leo, Mama. Kama hutaki niende peke yangu, twende."

Mama yake alimtazama, akafunika cherehani. Tuliondoka watatu. Asumbi tulishuka pamoja, nikatembea nyuma yao hadi kwa Mwalimu, kwa sababu sikujua kama nina haki ya kwenda au haki ya kugeuka. Kwenye geti Mama Atieno aliniambia niende zangu sasa, hapa panatosha. Nikasimama barabarani. Nilimwona Mwalimu akitoka nyuma ya nyumba na jembe lake, na nikamsikia mjukuu wake akimwuliza kama kile chumba cha mwisho bado kina kitanda, maana amekuja kulala.

Baba yako,
Okeyo